Waya wa Samaki Chui

Mimi natengeneza meno ya bandia. Nasema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati. Sing'oi, sizibi, sichomi mtu sindano. Hayo ni ya daktari. Mimi nakaa kwenye karakana yangu nyuma ya zahanati, na koleo zangu, na taa yangu ya gesi, na unga wangu wa rangi ya ufizi, natengeneza kile kinachowekwa daktari akishamaliza ukatili wake. Ni kazi nzuri. Ina ubaya mmoja tu: ukiifanya miaka ishirini huoni watu tena. Unaona vinywa.

Na ubaya huo ndio ulioniponza siku niliyopelekwa kujitambulisha kwa baba mkwe.

Sebule ilijaa shangazi na wajomba. Cha kusema nilikuwa nimefundishwa. Mke wangu, enzi hizo bado mchumba, alinikaririsha njia nzima: "Shikamoo Baba, nimefurahi kufika." Maneno manne tu, hata kasuku angeyaweza. Mzee akatoka chumbani, mrefu, suti ya kijivu, akafungua kinywa kunikaribisha. Macho yangu yakatua pale yalipozoea kutua, na kabla sijajua ninafanya nini nikasema, tena kwa sauti ileile ya kazini:

"Mzee, hilo la juu kulia litakusumbua."

Jamani! Shangazi mmoja alikohoa mpaka akapewa maji. Mzee akafunga kinywa. Na nikisema akafunga, sitii chumvi: mbele yangu hakukifungua tena kwa miaka kumi na moja. Binti alinipa, siwezi kusema uongo. Lakini tangu siku hiyo akiongea nami aliongea kupitia katundu kadogo katikati ya midomo, sauti inatoka imebanwa kama mtu aliyeshika pini za kushonea. Akicheka, mkono mdomoni. Akila, ananipa kisogo. Na jino lenyewe, kama vile lilitumwa kunikomoa, likang'oka baada ya miezi mitano. Eti nimelitia mkosi! Meno mawili jirani yake yakalifuata. Mzee akaenda kutengenezewa meno mji mwingine kabisa, kwa fundi nisiyemjua. Mkwe wake anashinda na meno kutwa nzima, yeye anapanda basi la mwendo wa saa sita kwenda kufuata meno kwa watu baki. Mnajua inavyouma? Iliniuma, nakiri.

Sasa, kila mwaka maji ya mto yakishuka, Mzee huenda siku tatu kuvua samaki chui. Huyu ni samaki wa mtoni, ana milia myeusi ubavuni na meno yanayoonekana hata akiwa amefunga mdomo, na akinaswa anaruka juu ya maji anakasirika hewani. Boti ya kukodi ina nafasi tatu: ya mwenye boti, ya Mzee, na ya mkwe mmoja. Mkwe huyo kila mwaka alikuwa mwanyumba wangu, aliyemuoa mdogo wake mke wangu. Mwanyumba anauza matairi. Hana ubaya wowote, na hilo ndilo linalokera, maana mtu asiye na ubaya unamchukiaje? Kila mwaka anarudi ameungua pua, anatuambia, "Mimi na Mzee tulifanya hivi, mimi na Mzee tulifanya vile. Mzee alinicheka, we acha tu!"

Samaki mimi sikuwa na haja naye. Nilichotaka ni siku tatu ndani ya boti moja na yule mzee, mahali ambapo hana mlango wa kutokea wala gazeti la kujifichia, mpaka aniambie yaishe. Hicho tu.

Basi mwaka huu, sijui mke wangu alimwambia nini baba yake, tukaitwa wakwe wote wawili. Mzee akasema kupitia katundu kake, huku akiutazama ukuta:

"Fimbo ninazo. Mishipi ninayo. Nataka kuona mtafunga nini kule mwishoni, kile anachokutana nacho samaki. Jumapili ijayo kila mtu aje na vyake ndani ya kopo moja la biskuti. Kopo moja! Atakayekuja na akili ndiye atakayepanda boti."

Garini mke wangu alinigeukia. "Baba Pacha, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Jumapili neno meno lisitoke kinywani mwako. Meno, jino, ufizi, taya. Hata ukimuona Mzee ana jani la mboga hapa mbele, wewe umelala."

"Nimeapa."

"Apa tena."

Nikaapa tena, mikono miwili, gari likataka kuingia mtaroni.

Jumatatu mchana nikaenda kwa Mama Ndoana, muuza vifaa vya kuvulia. Duka lake limebanwa kati ya fundi baiskeli na muuza vitambaa, na ukiingia inabidi uiname maana nyavu zinaning'inia kutoka darini. Mwenyewe anakaa kwenye kigoda nyuma ya kabati la vioo, miwani yake imefungwa kwa mshipi wa kuvulia. Hana haraka na mteja.

"Unavua nini?"

"Samaki chui."

Akanishusha macho kutoka kichwani mpaka viatuni. "Umeshawahi kuvua?"

"Sijawahi."

"Hata kambare?"

"Hata dagaa, Mama."

"Afadhali. Huna cha kusahau. Wanaojua ndio wanaonitoa roho."

Akainama chini ya kabati akaibuka na taya la samaki chui, limekaushwa, jeupe, limeachama. Akaliweka mbele yangu. Hapo, ndugu zangu, nilisahau nimefuata nini. Yale meno! Makubwa, yamechongoka, yako nje kabisa ya midomo, na la juu linaingia katikati ya mawili ya chini bila kuacha upenyo wa kupitisha karatasi. Mimi kuyapanga meno yakutane vile nahitaji siku mbili, nta, na utulivu wa moyo. Nililigeuza, nikalifunga, nikalifungua, nikalipeleka kwenye mwanga.

"Na yakichakaa?" nikauliza.

"Yanang'oka yote kwa mpigo. Yanaota mengine."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Bila kwenda popote?"

"Aende wapi, na yuko majini?"

Nikalirudisha taratibu. Binadamu wangejaliwa hivyo, na mimi leo ningekuwa nauza matairi.

Mama Ndoana alinifundisha pale pale, huku anakunywa chai yake. Mdomo wa samaki chui ni mfupa mtupu, akasema, ndoana butu inateleza humo kama kisu kwenye sahani. Ndoana nzuri ukiiburuza juu ya ukucha wako inakwama. Ikiteleza, irudishe kwa aliyekuuzia. Akanichagulia moja ya meno matatu, nikaiburuza, ikakwama mpaka nikasema aah. Halafu akanipa kijiko. Ndivyo wanavyokiita: kipande cha chuma chenye umbo la kijiko kisicho na mpini, kinayumba na kumeremeta majini, na samaki chui akikiona anadhani ni kisamaki kilichochanganyikiwa.

"Sasa sikiliza la maana," akasema. "Mshipi wa plastiki, uwe mnene unavyotaka, kwa huyu ni uzi tu. Anaukata kama bibi anavyokata uzi akimaliza kushona. Kati ya mshipi na kijiko lazima uweke waya. Urefu wake kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ukiwa mfupi, anameza kijiko na waya wako, halafu meno yanaufikia mshipi, kwaheri."

"Basi nipe waya."

"Waya umeisha. Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo nimeshakufa, Mama!"

"Wenzako wala hawahangaiki. Jana kaja bwana mmoja na gari kubwa, kanunua nusu ya hili kabati. Nikamwambia subiri waya, akanicheka. Eti mshipi wake unavuta lori."

"Anauza matairi?"

"Kaniachia kadi tatu."

Nikashika ukingo wa kabati. "Huo waya, Mama, ni wa namna gani?"

"Mwembamba. Chuma kisichoshika kutu. Mgumu, lakini unaukunja unavyotaka na unabaki ulivyoukunja. Na ukae majini hata mwaka usiharibike."

Nilianza kucheka peke yangu kama mwehu. Waya mwembamba, mgumu, unaokunjika, usiooza kwenye maji! Mama yangu, huo ndio waya ninaotengenezea vile vishikizo vinavyokumbatia meno ya jirani ili ya bandia yasihame. Nimeukunja miaka ishirini. Mikono yangu inaujua kuliko inavyomjua mke wangu, na asisikie.

Wiki ile kazi za watu zililala. Siku ya kwanza nilifunga waya kwenye kitasa cha mlango, nikauvuta kwa nguvu zangu zote kuujaribu, kitanzi kikafunguka, nikakaa chini bila kukusudia. Wa pili ulikatika. Wa tatu nikaubana vibaya. Alhamisi akaja mwalimu mstaafu kuchukua meno yake, akanikuta nimepiga magoti nimeushikilia mlango, jasho linanitoka.

"Unatengeneza ya nani hayo?" akauliza.

"Ya samaki, Mwalimu."

"Kumbe ndiyo maana yangu hayajaisha," akasema, akakaa kwenye benchi kusubiri, na hakuondoka mpaka saa kumi.

Waya wa nne ulikubali. Vitanzi viwili, kila upande kimoja, vimesokotwa sawasawa, kimoja cha kufungia mshipi, kingine kimeshika kijiko na ndoana yake. Nikakisugua kijiko kwa ile dawa tunayong'arishia meno mpaka nikauona uso wangu humo. Ukawa ndio mwisho wa waya vilevile. Roli la waya lilikuwa tupu, na mleta vifaa wetu huja Jumatano. Sikujali. Nani anahitaji waya Jumapili?

Jumapili tukakuta meza imetolewa barazani. Mke wangu akapita jikoni kwa mama mkwe, lakini kabla hajaingia alinigeukia akaweka kidole mdomoni. Ukutani, juu ya kiti cha Mzee, kuna taya la samaki chui alilolipigilia msumari miaka mingi, kubwa kuliko lile la dukani. Nikalipa mgongo ili nisije nikajisahau.

Mwanyumba alifika na kopo lenye upana wa beseni.

"Hilo ni kopo la biskuti?" nikamuuliza.

"La hotelini, mwanyumba. Hoteli wanakula biskuti nyingi."

Akalifungua. Loo! Vijiko vya dhahabu, vijiko vya fedha, visamaki vya plastiki vyenye macho mekundu, kimoja kinapiga kelele ukikitikisa, kingine kinawaka taa. Na bonge la mshipi wa kijani, mnene kama kamba ya kiatu. Mzee akaupima kwa vidole, akatikisa kichwa kidogo, akasimama nao. Akalishusha taya ukutani, akaupitisha mshipi katikati ya meno, akalifunga taya kwa kiganja, akavuta kwa mkono mwingine.

Paa! Mshipi ukawa vipande viwili.

"Lori limeondoka," akasema Mzee kupitia katundu kake.

Mwanyumba akataka kueleza, akageuka kwa haraka, kiwiko kikakumba lile beseni, na vijiko vyote na visamaki vyote vikamwagika barazani, kile cha kelele kikipiga kelele na cha taa kikiwaka. Akaingia uvunguni mwa meza kuviokota. Tukawa tunaona nyayo zake tu.

Mzee akavuta kopo langu. Akaiburuza ndoana juu ya ukucha: ikakwama. Akaukunjua waya, akaupima kwenye mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole: umefika. Akakawia kwenye kile kitanzi, anakigeuza, anakichungulia.

"Nani kafunga hiki?"

"Mimi, Mzee."

"Mm," akasema. Ile mm haikuwa na baridi ndani yake. Miaka kumi na moja, na hiyo ndiyo mm yangu ya kwanza.

Akachukua kipande cha ule mshipi mnene kilichobaki, akakifunga kwenye kitanzi changu ili aujaribu waya kwenye taya. Alifunga fundo la kivuvi, akalilowesha kwa mate, akalikaza. Ncha ikabaki imechomoza. Mkasi ulikuwepo, karibu na kiwiko changu. Lakini wavuvi wote ni wamoja: wakishafunga fundo, ncha wanaikata kwa meno. Mzee akaupeleka mshipi mdomoni akauma.

Nikasikia kak! Nimesikia sauti hiyo ndotoni na kazini, siikosei. Kilichofuata kilitoka kikiwa kimeung'ang'ania mshipi, meno matatu ya bandia kwenye kibao cha rangi ya waridi, kikaning'inia mbele ya kidevu cha Mzee, kikajizungusha mara moja, kikaanguka ndani ya kopo langu, kando ya kijiko. Kimepasuka katikati. Kishikizo kimoja kimekatika.

Mzee alinitazama. Miaka yote hiyo nilitaka macho yale yanitazame, na sasa yananitazama yamejaa hofu, ya mtu aliyefumaniwa hana nguo. Mdomo wake umeingia ndani. Hata katundu hakapo.

"Mzee, umesema?" ikauliza sauti ya mwanyumba kutoka uvunguni.

Hapo ulimi uliniwasha, nawaambia ukweli. Nilikuwa na ya kusema ya kujaza daftari. Nani alikutengenezea hiki? Huu waya ni wa kufungia kuku! Kibao kinene hivi, ulikuwa unamezaje? Maneno yalipanga foleni nyuma ya meno yangu yakisukumana. Nikameza mate. Nikafunika kopo.

"Nimesahau koleo karakana," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Nakwenda mara moja, Mzee. Narudi."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Niliendesha gari dakika kumi nimelikumbatia kopo mapajani kama mtoto mgonjwa. Karakana ilikuwa kimya. Nikakiweka kile kibao chini ya taa, nikakisoma. Aliyekitengeneza alistahili kushtakiwa. Hakikumbana popote, kilikuwa kinaelea tu. Mtu akivaa kile akifungua kinywa vizuri kinashuka. Akicheka kinaruka. Njia ya kukizuia ni moja, kubana midomo uache katundu kadogo, na ukicheka, uweke mkono.

Nikakaa.

Kumbe! Ile miezi mitano ya mwanzo labda ilikuwa hasira, lakini baada ya hapo ule mkono mdomoni haukuwa wa kunikomoa. Ile sauti ya pini haikuwa ya kunichukia. Mzee wa watu alikuwa anayashikilia meno yasidondoke, miaka yote, hata akiwa na mwanyumba kwenye boti, hata akila, ndiyo maana akanipa kisogo, maana katika familia nzima ni mimi peke yangu ambaye ningejua. Nililia kidogo. Halafu nikacheka. Halafu nikawasha taa ya gesi.

Ule mpasuko nikauziba kwa unga wangu wa rangi ya ufizi, nikausugua, nikakipunguza unene. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Vikabaki vishikizo viwili, kile kilichokatika na kile kilicholegea, na vishikizo vinataka waya. Nikafungua droo ya kwanza, ya pili, nikalitikisa roli tupu kana kwamba litazaa. Nikatazama kopo. Waya wangu umelala pale, kiwiko mpaka ncha ya kidole, wa nne, uliokubali.

Ningeweza kumrudishia bila vishikizo. Yangekaa leo, yangemvusha mchana ule, mimi ningeshinda na kupanda boti, na siku tatu mtoni ningezipata. Na siku moja yangeanguka tena, mbele ya nani sijui. Niliushika waya, nikauweka chini. Nikaushika tena. Yaani nilimkasirikia yule samaki, na mleta vifaa, na mwanyumba, na hata Mama Ndoana, kila mtu. Halafu nikachukua koleo nikaukata katikati.

Nilirudi baada ya dakika sabini. Mwanyumba alikuwa ameketi mbele ya Mzee, uso unang'aa.

"Mwanyumba, umekosa mambo," akaninong'oneza. "Nimemweleza Mzee biashara yote ya matairi, toka mwanzo. Hajanikatiza hata mara moja! Leo amenisikiliza kweli."

Nikampa Mzee kopo mkononi. Akainuka nalo, akaingia ndani kunawa. Tulisikia bomba likifunguliwa. Likafungwa. Kisha tak, tak, kama mtu anayejaribu kufuli jipya. Nilikaa na mikono katikati ya magoti.

Akatoka. Akakaa. Akaweka kopo mezani akaondoa kifuniko. Ndani kulikuwa na kijiko, ndoana, na vipande viwili vya waya vyenye urefu wa kidole cha mtoto, kila kimoja na kitanzi chake.

"Mwanyumba!" akashangaa mwenzangu. "Waya wako uko wapi?"

"Nimeukata."

"Umeukata kwa nini?"

"Ulikuwa mrefu," nikasema. Jibu la kijinga, lakini ndilo lililokuwa karibu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na mama yake nyuma yake. Uso ulimshuka. "Baba Pacha," akasema polepole, kwa ile sauti yenye maana kwamba nyumbani tutaongea. "Wiki nzima! Wiki nzima unavuta kitasa cha mlango, halafu unaukata?"

Nilikuwa nimeapa, mikono miwili.

Mzee akakitazama kijiko. Akavitazama vile vipande viwili, akaviweka kiganjani, akavipindua, akapapasa kwa ulimi ndani ya shavu la kulia, kisha la kushoto.

"Waya ninao mimi," akasema.

Wote tukageuka. Haikuwa sauti ya katundu. Ilikuwa sauti nene, pana, imetoka yote. Mama mkwe akamshika mkono mke wangu, chai ikamwagika siniani.

"Fundi atapanda boti," akaendelea Mzee. "Keshokutwa, saa kumi na moja alfajiri."

"Lakini Mzee," akasema mwanyumba, hana hasira, anataka tu kuelewa, "si ulisema mwenye akili? Huyu kaharibu waya wake mwenyewe!"

Na hapo Mzee akacheka. Mikono yote miwili juu ya meza. Alicheka kichwa kimeenda nyuma, kinywa wazi, meno matatu yametulia mahali pake kama yamezaliwa humo, na mama mkwe akauliza, "Baba we, umekula nini leo?" na hilo likamzidishia. Mwanyumba naye akacheka bila kujua anacheka nini, maana ndivyo alivyo, na kabla hajaondoka alinisukumia lile beseni lake lote. "Nenda nalo, mwanyumba. Hiki cha taa usikiache."

Tulipokuwa tunaaga, mke wangu akiwa bado jikoni, Mzee alinisindikiza mpaka getini. Akanishika kiwiko. Akatazama nyuma, akatazama kulia na kushoto, akanivuta kwenye mwanga. Akafungua kinywa.

"Hebu angalia," akasema kinywa kikiwa wazi. "La chini kushoto. Linanichoma tangu mwezi jana."

"Mzee, mimi nimeapa."

"Umemwapia nani?"

"Binti yako."

"Huyo nitamalizana naye. Angalia!"

Nikainama. Nikamgeuza kidevu kwa kidole kimoja, taratibu, nikalitafuta. Nililiona mara moja.

"Mzee," nikasema, "hilo litakusumbua."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuonyesha wewe."